Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Usiku ule Mama Kobe alipiga pasi nguo ambazo zilikwisha kupigwa pasi. Alianza na mashuka, akaja kwenye foronya, akamalizia na vitambaa vya kufutia vyombo, vitu ambavyo hata mgeni mwenye makuu hajapata kudai vinyooshwe. Mchana kutwa alikuwa akinyoosha nguo za watu kwenye duka la dobi alikoajiriwa, na bado mkono ulitaka kazi. Simu alikuwa ameilaza kifudifudi mezani ili asiitazame. Ikawa badala ya kuitazama, anaigeuza.

Binti yake, Kobe, alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza gemu za kompyuta, na usiku huo gemu yao mpya ilikuwa ikifunguliwa kwa majaribio, watu wa karibu na wa mbali waingie, waicheze, waseme walichokiona.

"Nitakutumia ujumbe, Mama, iwe heri iwe shari," alisema alipokuwa akifunga kamba za viatu. "Wewe lala."

Akasema lala kama vile usingizi ni taa, unabonyeza tu.

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na mwanga. Humo aliishi mdogo wake Mama Kobe, kinyozi, mwanamume mzima mwenye mvi zake, ambaye siku hiyo alifunga saluni mapema na kuwaacha wateja na ndevu zao ili awahi majaribio. Gemu iliitwa Taa ya Msafiri, na hiyo ilikuwa sehemu ya nne. Zile tatu za mwanzo Mjomba, kama alivyoitwa na nyumba nzima, alikuwa amezimaliza na kuzirudia mpaka akajua mahali anapolia kila chura.

"Vipi huko?" Mama Kobe aliuliza akiwa nje ya mlango wake.

"Raha mustarehe, dada. Nimepata kibanda, nimefunga mlango, nimewasha moto. Mvua inapiga bati. Usinisemeshe."

Akarudi kwenye pasi, moyo umetua kidogo. Baada ya muda akamsikia Mjomba anasonya. Akasonya tena. Kisha kiti kikaburuzwa.

"Kuna nini?"

"Mlango haufunguki."

"Mlango gani?"

"Wa kibanda, dada. Nataka kutoka, haufunguki. Kuna kitu kimeuzuia kwa nje. Na huko nje kuna watu wanatukana, matusi ambayo hata kule saluni kwangu sijayasikia, na unajua saluni kwangu."

Ndipo simu ikatetema mezani. Mama Kobe aliifikia kabla haijamaliza kutetema. Ujumbe ulikuwa wa neno moja: Vibaya.

Jina la Kobe alipewa na Mjomba huyo huyo, tangu mtoto anajifunza kutembea. Wenzake walikimbia, yeye alikwenda taratibu, na akishtuliwa kidogo aliingia ndani ya nafsi yake akatulia humo mpaka hatari ipite. Jina likamganda. Hata mama mtu, ambaye alikuwa na jina lake zuri tu, akawa Mama Kobe kwa majirani, kwa wateja wa dobi na kwa daktari wa meno.

Alipofika miaka kumi na mitatu, Kobe alifiwa na baba yake. Nyumba ilijaa shangazi na binamu, wa kweli na wa kusingiziwa, na kila mmoja alitaka kumkumbatia mtoto na kumwambia ajikaze. Mtoto akateleza akaingia chumba cha nyuma, akashika pedi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, na akawasha Taa ya Msafiri sehemu ya kwanza.

Gemu hiyo haikuwa na vita vya maana. Msafiri mmoja, peke yake, anavuka bonde lenye ukungu akiwa na taa mkononi. Mvua yake ni ya baridi, na kila inavyomnyeshea inamla nguvu. Lakini njiani kuna vibanda. Msafiri akiingia kibandani na kufunga mlango kwa ndani, mvua haimpati tena, wala hapana mtu anayemdai kitu. Anaweza kukaa mbele ya moto mpaka atakapotaka mwenyewe.

Mama Kobe aliingia siku ile kumwita mtoto aje asalimie watu. Akaona kwenye skrini mtu mdogo amekaa mbele ya moto, mlango umefungwa, na mtoto wake amekaa vilevile mbele ya skrini. Hakuna kati yao aliyekuwa akifanya lolote. Akatoka, akawaambia wageni kwamba mtoto amelala.

Tangu hapo mlango uliofungwa ukawa maradhi yake. Kobe akijifungia chumbani, mama anapita na ufagio. Akikawia bafuni, mama anakumbuka kuuliza kama sabuni ipo.

"Mama, sijafa," Kobe husema kutoka ndani.

"Nani kasema umekufa? Mimi nafagia."

Mtoto akakua, akasoma mambo ya kompyuta ambayo mama yake hakuyaelewa hata chembe, ila aliyajua kwa jinsi yalivyomfanya awe na macho mekundu. Mwishowe akaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa imepewa haki ya kuendeleza Taa ya Msafiri baada ya wenyewe wa kwanza kuchoka nayo. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na kila aliyefanya kazi pale alirudi nyumbani ananukia mpira mpya. Kobe alipewa vibanda. Mama Kobe aliposikia kwamba binti yake amesoma miaka yote ile ili aje ajenge vibanda, tena visivyokaliwa na mtu, alikaa kimya hadi jioni. Halafu akauliza kama vina choo.

Havikuwa na choo.

Asubuhi baada ya ule ujumbe Kobe alirudi, akakaa jikoni na kikombe cha chai, na mama yake akajitia anapanga vijiko.

"Haya, sema," Mjomba alianza. "Mimi nilinaswa mle mpaka nikazima mashine."

"Najua. Wenzako wote walinaswa."

Kobe akaeleza, polepole kama kawaida yake, na Mama Kobe akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa. Sehemu ya nne ilikuwa na jambo moja jipya kabisa: msafiri hakuwa tena peke yake. Watu waliweza kulivuka bonde pamoja kupitia mtandao, kila mmoja akiwa kwake. Kampuni iliwahitaji hao wa mtandaoni, maana ni wengi na ndio wanaoifanya gemu iishi. Lakini iliwahitaji na wale wa zamani, wakongwe kama Mjomba, kwa sababu bila wao jina lenyewe lingekuwa limeshazikwa. Wakongwe wanataka kimya. Wa mtandaoni wanataka watu. Na Kobe alitakiwa kujenga kibanda kimoja cha kuwatosha wote wawili.

"Sasa jana," akasema, "majaribio yalipofunguliwa, wakongwe walifanya nini?"

Mjomba akatazama chai yake.

"Walikimbilia vibandani. Wakafunga. Wakakaa wanasikiliza mvua," Kobe akajijibu.

"Mvua ilikuwa nzuri," Mjomba alisema kwa sauti ya chini.

"Na wa mtandaoni wakaja nyuma yao, wakakuta milango imefungwa, wakasimama nje. Mvua ikawala nguvu mpaka wakafa. Na mtu akifa mzigo wake unaanguka pale pale. Mizigo ikarundikana mlangoni, vifurushi juu ya vifurushi, na mlango unafunguka kwa kusukumwa nje."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua?"

"Wewe na wenzako, Mjomba. Na wao wakawazika mkiwa hai."

Mama Kobe aliweka vijiko chini. "Kwani hamkujaribu kwanza, ninyi wenyewe pale ofisini?"

Kobe akacheka kicheko cha mtu ambaye swali hilo ameshaulizwa na wakubwa. Walikuwa wamejaribu, tena sana. Lakini karibu wote pale ofisini ni wakongwe, watu waliolelewa na gemu hiyo, na wakongwe wana adabu yao. Mkongwe akiona moshi unatoka kwenye bomba la kibanda, anajua pana mtu. Anainamisha taa yake kidogo, anapita, anatafuta kibanda cha mbele. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, ila wote hufanya. Miezi yote ile ya kujaribu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa.

"Bosi anasema nini?"

"Anasema mlango uondolewe. Vibanda vibaki wazi, anayetaka aingie." Kobe alisema hivyo akitazama ukuta. "Nimemwomba anisubiri mpaka Jumamosi, tufanye majaribio mengine. Akiona bado watu wanakasirika, mlango hautakuwepo tena."

Kibanda kisicho na mlango, kwa Mjomba, kilikuwa sawa na saluni isiyo na kioo. Mama Kobe yeye hakufikiria saluni. Alimfikiria yule mtu mdogo mbele ya moto.

"Si mwache ufunguo kwa jirani?" akasema.

"Mama, bondeni hakuna jirani."

"Basi ongezeni vibanda."

"Tukiongeza vibanda, bonde litageuka mtaa."

Mama Kobe akarudi kwenye vijiko vyake. Alikuwa na ushauri mwingine, juu ya zamu, ila akaona aufiche.

Jumatano mafundi walikuwa wakibadilisha nyaya kule ofisini, kwa hiyo Kobe alifanyia kazi nyumbani, na jioni akaja mwenzake. Huyu ndiye aliyesimamia upande wa mtandaoni, kijana mwembamba aliyeitwa Chapchap, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa ameshasalimia, ameshavua viatu na ameshajibu simu kabla Mama Kobe hajamaliza kufungua mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nimekaa," Chapchap alisema, akiwa amesimama.

Mama Kobe alimchunguza tangu kichwani mpaka soksi. Katika habari zote za wiki ile, huyu ndiye aliyekuwa upande wa wale waliotaka kuingia kwa nguvu. Akampakulia chakula kidogo kuliko wengine, halafu moyo ukamsuta, akaongeza.

Mjomba yeye hakuzunguka. "Wewe ndiye unayetuletea zogo bondeni."

"Na wewe ndiye uliyejifungia tukafa mlangoni. Nimeliona jina lako kwenye rekodi, mzee. Kinyozi wa Ukungu. Ulikaa mle ndani kuliko wote."

"Nilikuwa nasikiliza mvua."

"Sisi tulikuwa tunaioga."

Mama Kobe alicheka kabla hajajizuia, akajifanya anakohoa.

"Kijana," Mjomba akasema, "haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

"Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai kwa sababu hajakifikia kisiki."

"Mmemaliza methali?" Kobe aliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye kompyuta yake. Tangu mchana alikuwa akijaribu hili na lile, na kila alichojaribu alikifuta. "Kama bado, nendeni mkamalizie uani. Jumamosi hainingoji."

Mjomba akatafuna, akameza, lakini swali lilikuwa limemkaa kooni. Akauliza tena, safari hii bila ubishi.

"Hebu nieleze mimi mtu mzima. Mkikuta mlango umefungwa, kwa nini msipite tu? Njia si ipo?"

"Kwa sababu ndani kuna mtu."

"Ndiyo maana nasema mpite."

"Na ndiyo maana tunasimama." Chapchap alikuwa na sahani mkononi, akaisahau hewani. "Ninyi mkiona moshi, mnajua pana mtu, mnaondoka. Sisi tukiona moshi, tunajua pana mtu, tunakuja. Moshi ni ule ule, mzee."

Kobe aliinua kichwa. "Na mkikuta hafungui?"

"Tunangoja. Unadhani hatujui kungoja? Katika gemu nyingine, kabla ya pambano moja tunangoja ukumbini mpaka wenzetu watimie. Watu wanacheza ngoma, wanataniana, wanaonyeshana kofia mpya. Wapo wanaopenda kule ukumbini kuliko pambano lenyewe. Mimi nina rafiki nimejuana naye kwa kungoja tu, hatujawahi kupigana hata siku moja." Hapo akanyamaza, na Chapchap kunyamaza kulikuwa tukio. "Kobe. Usiku ule hatukukasirishwa na mlango. Tulikasirishwa na mvua."

Kobe alikuwa ametulia namna ile yake, ameingia ndani ya gamba, na mama yake akaogopa kwamba sasa ndiyo basi, mtoto amekata tamaa. Kumbe sivyo.

"Paa lirefushwe mbele," Kobe alisema.

"Kibaraza," Chapchap alisema.

"Kibaraza chenye benchi. Na moto mdogo wa nje."

"Na mahali pa kuweka mizigo, pembeni, mlango usizibwe."

"Na mlango uvutwe kuingia ndani."

"Wacheze ngoma humo?"

"Wacheze. Ila sauti ya nje isivuke ukuta. Aliye ndani asikie mvua tu."

Basi hapo wakaanza kusemeshana kwa maneno ambayo hayakuwa ya watu wa nyumba ile, na Chapchap akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu afike. Mama Kobe akaondoa sahani polepole zisigongane. Kitu kimoja tu alikielewa: mabega ya binti yake, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni tangu majaribio yale, yalikuwa yameshuka.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa hodi. Chapchap alitaka mtu wa nje aweze kubisha, na akibisha mara tatu mlango ujifungue wenyewe. Mjomba hakutaka hodi ya aina yoyote.

"Nikitaka kubishiwa hodi, nakaa nyumbani kwangu," alisema. "Mama yake Kobe ananibishia kutwa."

"Nabisha kwa sababu hutoi vyombo," Mama Kobe alimjibu.

Walivutana mpaka sauti zikapanda. Ndipo Kobe, ambaye hakuwa mtu wa kukata maneno ya wakubwa, akakata.

"Hodi moja," alisema. "Inasikika ndani taratibu, mara moja tu, halafu basi. Aliye ndani akitaka afungue. Asipotaka, haulizwi kwa nini, haandikwi popote, hapunguziwi kitu. Na aliye nje anakaa kibarazani, hapunguziwi kitu naye."

"Wa kwangu watalalamika," Chapchap alisema.

"Na wangu watalalamika," Mjomba alisema.

"Vizuri," Kobe akasema. "Angalau mtalalamika pamoja."

Chapchap alipoondoka, Kobe alimfuata mama yake jikoni. "Mama, Jumamosi uje ofisini. Tunataka na watu wachache ambao si wakongwe wala si wa mtandaoni."

"Mimi ni nini?"

"Wewe si chochote, Mama."

"Ahsante sana."

Jumamosi mchana Mama Kobe alipanda ngazi za juu ya duka la matairi akiwa amevaa nguo yake ya kuendea harusi, maana hakujua gemu huendewa na nguo gani. Chumba kilikuwa kirefu, kina meza zilizopangwa kwa safu, na nyaya zimefungwa kwa utepe sakafuni zisimwangushe mtu. Watu wasiozidi vidole vya mikono walikuwa wameitwa kuja pale. Wengine wote, wakongwe na wa mtandaoni, walikuwa makwao, wanangoja gemu ifunguliwe.

Bosi alikuja kumsalimia. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na ile sauti ya chini iliwatisha watu kuliko kelele.

"Karibu, Mama. Wewe cheza tu, usiogope kuharibu. Mimi leo nina kitu kimoja tu ninachotaka kukiona. Mtu akikuta mlango umefungwa, je, anabaki au anazima mashine? Wakizima, mlango unatoka. Nimeshamwambia binti yako."

"Ndiyo, ameniambia," Mama Kobe alisema, na mikono ikaanza kumtoka jasho kabla hata hajaishika pedi.

Kobe alimvalisha hedifoni, akamwonyesha vitufe vitatu: cha kutembea, cha kuinua taa, cha hodi. Akamwandikisha jina la Dobi. Kisha akarudi nyuma akasimama, kwa sababu haikuruhusiwa kumsaidia mtu.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mama Kobe alitembea akaugonga mti. Akarudi nyuma akaugonga mwingine. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama matope ya miguuni pake kwa sababu hakujua jinsi ya kuinua uso. Alipojua, akaliona bonde, na mvua, na ukungu unaotembea kama mvuke wa pasi, na mbali kidogo moshi.

Moshi. Akaujua. Hakuwa mkongwe wala wa mtandaoni, lakini miguu yake ilielekea kule moja kwa moja.

Kwenye kibaraza palikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa na kofia ya manyoya yenye pembe, akicheza ngoma isiyo na muziki. Wa pili alikaa benchini. Wa tatu alizunguka zunguka na upanga. Juu ya vichwa vyao yalielea majina: Ngumi Tisa, Pilipili, Bwana Usiku.

"Dobi kaingia," sauti ya Ngumi Tisa ilisema masikioni mwake. "Dobi, una silaha gani?"

Mama Kobe aligeuka kumtazama Kobe. Kobe akatikisa kichwa: jibu mwenyewe.

"Nina taa," Mama Kobe akasema.

Yule wa upanga akaacha kuzunguka.

"Samahani," sauti ya Pilipili ikasema, ya msichana. "Wewe ni mtu mzima?"

"Nina binti mkubwa kuliko wewe, nadhani."

"Shikamoo, Mama," zikasema sauti tatu, moja nyuma ya nyingine, na yule mwenye pembe akaacha kucheza.

"Marahaba. Endelea kucheza, baba, mimi sina neno."

Akasogea hadi mlangoni. Ulikuwa mlango wa mbao, na mbao zake zilionekana hata mishipa. Umefungwa. Chini yake palikuwa na ufa wa mwanga mwekundu. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha hodi chenyewe, kama mkono wake unavyokwenda kwenye ufagio Kobe akijifungia. Hodi ikalia, ndogo, mara moja.

Hakuna aliyefungua.

Akabonyeza tena. Kitufe hakikufanya kitu. Akabonyeza tena na tena.

"Ni moja tu, Mama," Pilipili alisema. "Na sisi tulishabisha. Huyu amefunga tangu tuje."

"Kwani kapatwa na nini?"

"Nani ajuaye. Labda kaenda kupika."

"Labda kalala," Ngumi Tisa alisema.

"Labda hataki tu kutuona sura," Bwana Usiku alisema. "Mimi nilikuwa nizime niondoke. Hii gemu ya wazee."

Mama Kobe alihisi Bosi amekuja kusimama nyuma yake, karibu na Kobe. Hakugeuka. Angependa kusema maneno ya kumzuia yule kijana, maneno ya hekima, lakini hakuyapata. Yaliyomtoka ni yale yale ya kila siku.

"Unaondoka na mvua yote hii? Utanyeshewa, baba. Kaa kwanza."

"Mama, mimi niko nyumbani. Sinyeshewi."

"Hata kama."

Pilipili akacheka mpaka akakohoa. "Bwana Usiku, kaa chini, mama kasema."

"Sina pa kukaa, huyu mwenye pembe kachukua benchi lote."

"Sogea wewe na mapembe yako."

"Haya, nimesogea. Lakini anisimulie huyo upanga aliupata wapi, maana mimi nautafuta tangu siku ile ya kwanza."

Basi Bwana Usiku akakaa, akasimulia. Upanga aliuokota kwenye mzigo wa mtu aliyekufa mlangoni usiku wa majaribio ya kwanza. Ngumi Tisa akauliza ni mlango upi. Akaambiwa. Akasema mzigo ule ulikuwa wake. Hapo kibaraza kikawaka kwa ubishi na kicheko, nirudishie, sikurudishii, wewe ulikufa, nilikufa lakini sikukuandikia wosia. Akaja msafiri mwingine kutoka mvuani, akauliza kuna nini, akasimuliwa upya. Akaja mwingine.

Mama Kobe alijikuta ameketi. Hakujua ni kitufe gani alichobonyeza. Taa yake ilikuwa miguuni, mvua inashuka mbele yake kwenye ukingo wa paa, na mgongo wake umeuelekea mlango.

"Mama," Bosi alisema kwa ile sauti yake, akiinama. "Nikuulize kitu. Mlango bado umefungwa. Mbona huondoki?"

Mama Kobe aliinua hedifoni kutoka sikio moja. "Niende wapi? Bado hawajaamua upanga ni wa nani."

Bosi aliwatazama wale wasafiri sita waliobanana benchini, kisha akaburuza kiti cha meza ya jirani akakaa, na Kobe, aliyekuwa amekunja mikono tangu mchana, akaikunjua.

Kwenye skrini Mama Kobe alimgeuza Dobi autazame mlango mara moja zaidi. Ule ufa wa chini uliongezeka mwanga kidogo. Aliye ndani alikuwa ametia kuni. Akangoja kidogo, hakubonyeza kitu. Mlango haukufunguka.

"Mwache," akasema, na akamgeuza Dobi kwa wenzake.